Jina la Mtoto ni Mali ya Nani?

Sisi tukaao kando ya ziwa la Tshangalele tumezoea kuona vitu vikibadilishwa majina. Ziwa lenyewe si la zamani: lilianza mwaka 1930, maji ya mto Lufira yalipozuiwa kwa ukuta kule Mwadingusha, ili mitambo ya umeme ipate nguvu ya kuendesha viwanda vya shaba vya Union Minière. Nyumba ya mitambo ile iliitwa Francqui, kwa heshima ya bwana mkubwa mmoja wa Ubelgiji. Leo yaitwa Mwadingusha. Mji wetu wa Likasi uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Mkoa uliitwa Katanga, ukaitwa Shaba, mwaka 1997 ukawa Katanga tena, na tangu 2015 upande wetu waitwa Haut-Katanga. Nchi nayo ilikuwa Kongo, ikawa Zaire, ikarudi kuwa Kongo. Katika mabadiliko hayo yote wavuvi walitupa nyavu zao palepale, na samaki hawakuuliza neno. Lakini mtoto wa mtu si ziwa.

Jambo lililotutia shauri la kuandika maneno haya ni hili. Kabla ya Pasaka walikuja kwetu mama kijana na bibi mzee, nkambo wa mume wake, kuandikisha mtoto wa kike kwa Ubatizo. Tulifungua kitabu, tukauliza kama ilivyo desturi: Mtoto ataitwa nani? Wakajibu wote wawili kwa mara moja, kila mmoja na jina lake. Mama alisema, «Plamedi.» Nkambo alisema, «Bulanda.»

Plamedi, kwa wasiolijua, si jina la mtakatifu wala la ukoo. Limefanywa kwa vichwa vya maneno ya Kifaransa yenye maana ya shauri la ajabu la Mungu, yakashonwa pamoja kama vipande vya kitambaa. Na siku hizi lapendwa mno. Bulanda ni neno la lugha zetu za huku, Waluba na Wabemba wanalo wote: ni huzuni, ni ufukara. Nalo ni jina la nkambo mwenyewe.

«Nkambo,» akasema mama kijana kwa adabu, macho chini, «mimi sikukatai wewe. Nalikataa lile neno. Nitamwitaje mwanangu Huzuni kila asubuhi?»

«Mimi nimeitwa hivyo miaka inapita themanini,» akajibu mzee, «na nimecheka sana.»

Sisi tulikaa na kalamu mkononi. Ndipo mama yule akatueleza lililokuwa ndani zaidi. Katika mkutano mmoja wa sala kule mjini mhubiri alimwambia kwamba majina ya mababu ni minyororo. Kwamba mtu akiitwa kwa jina la marehemu, matatizo ya marehemu yanamfuata. Na kwamba anayempenda mtoto wake amkate na ukoo kwa jina jipya. Hakusema hivyo kwa ukaidi. Alikuwa anaogopa. Tuliwaomba warudi nyumbani wakashauriane, nao wakaenda, nasi tukabaki na swali ambalo leo twaliweka mbele yenu: jina la mtoto ni mali ya nani?

Tutazame kwanza majina yalivyopita katika vitabu vyetu. Ukifungua kitabu cha ubatizo cha miaka iliyotangulia uhuru wa 1960, utawakuta kina Petro, Paulo, Yosefu, Maria, Elizabeti, Albertina, karatasi kwa karatasi. Wengine walipewa jina la siku waliyozaliwa, Noël au Pascal au Toussaint. Mapadri walikuwa na sheria yao: kanuni ya 761 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1917 iliwaagiza waangalie mtoto apewe jina la Kikristu, na kama hawakuweza kulipata kwa wazazi, waongeze wenyewe jina la mtakatifu, na majina yote mawili yaandikwe kitabuni. Angalieni vema: yote mawili. Sheria haikuamuru jina la ukoo lifutwe. Ila mazoea ni mazito kuliko sheria, na mtoto aliyeitwa Jean shuleni, Jean kanisani, na kwa namba yake kazini kwa mabwana wa shaba, mwisho alisikia jina la babu yake usiku tu, pale mama yake alipomgombeza.

Hata hivyo hatusemi kwamba wazee wetu walilazimishwa tu. Wengi walilipenda jina lile jipya kwa moyo wote, maana lilimpa mtu mwombezi mbinguni. Aliyeitwa Yosefu aliijua tarehe 19 Machi kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake, ambayo mara nyingi haikujulikana; na jirani zake nao waliijua, wakaja na kuku.

Kisha ukaja mwaka 1972. Mwezi wa Januari Rais Joseph-Désiré Mobutu aliyaacha majina yake ya ubatizo, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na wananchi wote wakaamriwa kufuata. Padri atakayembatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishwa kifungo cha miaka mitano. Gazeti la Kikatoliki la Kinshasa, Afrique Chrétienne, lilipopinga jambo hilo lilifungwa. Kardinali Malula alinyang'anywa nyumba yake, akaenda Roma, akarudi baadaye mwaka uleule. Basi mtu aliyelala akiitwa Jean Ilunga aliamka akiwa Ilunga tu, akatakiwa atafute kitu cha kuziba pengo mbele ya karani, na haraka, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na watu wengine wanangoja. Mmoja alichukua jina la nkambo, mwingine la kijiji, mwingine alitunga papo hapo. Ndivyo lilivyoenea lile jina la pili ambalo makarani waliliita kwa Kifaransa jina linalofuata jina. Lipo hata leo katika karatasi zetu zote.

Hapa twataka tuseme neno ambalo wengine hawatalipenda. Katika aliyoyasema Rais yule mlikuwa na kweli. Ni kweli kwamba Mwafrika alikuwa amefundishwa kuona aibu kwa jina la baba yake, na ni kweli kwamba sisi watu wa misheni hatukufanya bidii ya kumwondolea aibu ile. Ila kweli ikiletwa na askari mlangoni, mtu hapati nafasi ya kuipokea. Aweza tu kuitii. Kwa hiyo watu walitii mbele ya karani, na jikoni Maria akabaki Maria. Nani ampaye mtu jina? Mungu, na wazazi, na jamaa waliomtangulia. Serikali kazi yake ni kuliandika. Mwaka 1976 Askofu Mkuu Kabanga wa Lubumbashi, mchungaji wetu wa siku zile, aliandika barua ya kichungaji iliyoitwa Mimi ni Mtu. Ilihusu mambo mapana kuliko majina: dhuluma, rushwa, hofu. Lakini sisi tulioisoma hatukuweza kuacha kuwaza kwamba mtu akitaka kusema «mimi ni mtu», huanza kwa kutaja jina lake.

Baada ya tarehe 24 Aprili 1990, vyama vingi viliporuhusiwa, majina ya ubatizo yalirudi hadharani. Hata hivyo Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yasema bado kwamba majina yachotwe katika urithi wa Kongo, wala yasiwe ya kutukana au kudhalilisha. Makarani wa leo wanaandika wanachoambiwa.

Na wanaambiwa nini? Majina yaliyorudi hayakuwa yaleyale yaliyoondoka. Walitoka kina Petro na Albertina. Waliingia kina Grâce, Gloire, Merveille, Exaucé, Dieumerci, Trésor, Plamedi. Kwa ndugu zetu wa Kivu waliingia kina Neema, Baraka, Furaha, Zawadi, Shukuru, Mapendo, na hayo yana faida kwamba bibi anaelewa anachokiita. Jina la zamani lilikuwa la mtu: mtakatifu fulani, babu fulani. Jina la sasa ni sala fupi au shukrani fupi. Si jambo baya. Mwanamke aliyengoja mtoto miaka tisa akimwita Exaucé, aliyesikilizwa, nani atamkosoa? Hata desturi ya kufuata wakati haikuanza leo. Mwaka 2008, Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani, kina mama wa Kisumu katika Kenya waliwaita watoto wao Barack na Michelle siku ileile. Nao kina Albertina wetu wa zamani, wengi walikuwa wa namna hiyohiyo: jina la mke wa bwana fulani lilisikika vizuri, likaenea kijiji kizima kama kitambaa kipya.

Wengine wanatuambia: Padri, kataeni majina haya, si ya Kikristu. Twawajibu hivi. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 855, hazidai tena kwamba jina liwe la mtakatifu. Zadai tu kwamba lisiwe jina lisilopatana na roho ya Kikristu. Na hayo tunayoyaita majina ya Kikristu yalitoka wapi? Mwenye heri Isidori Bakanja, kijana wa Kongo aliyekufa tarehe 15 Agosti 1909 kwa sababu hakukubali kuvua skapulari ya Bikira Maria, alibeba jina lenye maana ya zawadi ya Isisi, na Isisi alikuwa mungu mke wa Wamisri wa kale. Martini ni mtu wa Marsi, mungu wa vita wa Waroma. Mtakatifu Paulo alimtuma kwa Waroma mwanamke mwema aliyeitwa Febe, jina lililotoka katika hadithi za miungu ya Wagiriki, wala hakumwambia alibadilishe kwanza, alimsifu tu. Kwa hiyo jina halikumtakasa mtu. Mtu ndiye aliyelitakasa jina, akatuachia sisi likiwa safi.

Na jambo hilo limefanyika kwetu pia. Mtakatifu Kizito wa Uganda, mdogo kuliko wote waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alibatizwa usiku na Karoli Lwanga, siku chache kabla ya kufa, na hakuna jina la kigeni linalotajwa pamoja na lake. Aliingia mbinguni kama Kizito, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akamtangaza mtakatifu kama Kizito. Leo kuna kina Kizito mpaka Lubumbashi, na wengi wao hawajui kwamba lile lilikuwa jina la mtoto wa Kiganda tu. Kadhalika Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nengapeta, maana yake mali hudanganya; Anuarite lilikuwa jina la dada yake, na mtawa aliyemwandikisha shuleni ndiye aliyekosea. Basi hata kosa la mwandishi limepanda altareni! Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenye heri, Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, majina ya kizungu yalikuwa bado yamekatazwa. Na jina lililokuwa midomoni mwa watu wote halikuhitaji ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo hatumwogopi Plamedi. Tunaloliogopa ni kitu kingine, nacho ni lile neno la minyororo.

Mwaka 1972 serikali ilitukata nusu moja ya majina yetu, ikasema nusu ile ni ya Wazungu. Leo wako wahubiri wanaotukata nusu ya pili, wakisema nusu hiyo ni ya mashetani. Wakifaulu, mtoto atabaki na nini? Atabaki na neno zuri lisilo na mtu nyuma yake. Atakapouliza, «Nani aliitwa hivi kabla yangu?», hakuna atakayeweza kumjibu. Twafikiri juu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudani. Alitekwa angali mdogo sana, na kwa hofu alilisahau jina alilopewa na wazazi wake. Wauza watumwa ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati, neno lenye asili moja na bahati yetu ya Kiswahili. Alibatizwa Venezia tarehe 9 Januari 1890, akawa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na jina lile la mama yake halikupatikana kamwe. Ona, jina alilobaki nalo lilikuwa la heri na baraka, zuri kabisa kwa masikio, na walimpa wale waliomnyang'anya kila kitu. Uzuri wa jina hautuambii kama lilitolewa kwa upendo.

Lakini tusimwonee mama kijana, maana naye ana hoja, na hoja yake imo katika Maandiko. Raheli alipokuwa anakufa katika kuzaa, alimwita mtoto wake mwana wa uchungu. Na Yakobo, baba yake, hakukubali. Alimwita Benyamini. Alimpenda Raheli kuliko watu wote, na bado hakutaka mtoto abebe kilio cha mama yake maisha yote. Twawajua wenyewe watoto walioitwa Mateso, Matata, Masumbuko, Shida, kwa sababu baba na mama waligombana mwaka ule, au kwa kumchoma jirani kwa neno. Mtoto kufanywa barua ya ugomvi wa watu wazima ni udhalimu, na hapo sisi wenyewe tumewahi kuiweka kalamu chini tukakataa kuandika. Upande wa pili, katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati yupo mtu aitwaye Yabesi, ambaye mama yake alimpa jina la uchungu kwa ajili ya uchungu wa kumzaa. Yeye hakubadilishiwa jina. Alimwomba Mungu, Mungu akamjalia aliyoyaomba, na akaendelea kuitwa Yabesi. Benyamini na Yabesi wote wawili wamo katika Biblia moja, na hakuna aliyekemewa. Anayetafuta amri hapa hataipata. Atapata swali tu: jina hili la huzuni, je, lamtupia mtoto mzigo, au lamkumbusha mtu?

Swali hilo ndilo tulilomwuliza nkambo, waliporudi Jumatano ya Juma Kuu. Nkambo, wewe uliitwa Bulanda kwa nini?

Alikaa kitambo. Kisha akasema kwamba baba yake alikuwa mvuvi, wakati ziwa hili lingali changa na miti iliyokufa ingali imesimama majini. Upepo ulipindua mtumbwi wake, mama yake akiwa na mimba ya miezi saba. Walimtafuta siku nne. Hawakumpata. «Mama yangu hakuwa na kaburi la kwenda kufagia,» akasema. «Alikuwa na mimi. Watu wakiniita, Bulanda, Bulanda, yeye alijua kwamba hawajamsahau mume wake. Aliniambia: wewe ndiwe mahali pake. Sasa mimi nikifa, pale mahali patakuwa wapi?»

Mama kijana alikuwa hajapata kusikia habari hiyo. Ameishi katika ukoo ule miaka sita, na hakuna aliyemsimulia. Nasi twadhani kwamba hapo ndipo penye kosa letu wote, wazee na mapadri pamoja. Tunawapa vijana jina bila habari yake, kisha twashangaa wakiliona kuwa neno baya tu. Mhubiri wa mjini alipata nafasi kwa sababu sisi tulinyamaza. Kama nkambo angelisema maneno yale siku mtoto alipozaliwa, sidhani, wala hatudhani sote hapa, kwamba hofu ile ingepata mahali pa kukaa.

Hatukumshurutisha. Tulimwambia mama yule kwamba Ubatizo hauna nguvu kidogo hata ushindwe na jina, na kwamba marehemu wa mtu aliyebatizwa ni watu tunaowaombea katika kila Misa, si wezi wanaotunyemelea. Akauliza kama mtoto aweza kuwa na yote mawili. Tukasema kwamba hata sheria ya zamani, ile ya mwaka 1917, ilitaka yote mawili yaandikwe. Akauliza tena lipi litangulia. Hilo, tukasema, ni shauri lake na la mumewe. Akatoka nje kumpigia simu mumewe mgodini, akakaa huko muda mrefu, mpaka mtoto akaanza kulia na nkambo akambembeleza kwa wimbo ambao hatukuufahamu.

Jumamosi Kuu walikuja na baba pia. Mama ndiye aliyetaja majina, nasi tukaandika: Plamedi Bulanda, na baada yake jina la baba. Nkambo, ambaye hajui kusoma, alisogeza kiti chake karibu na meza, akaweka kidole juu ya karatasi, mahali wino ulipokuwa haujakauka, akatuomba tumsomee. Tulimsomea. Plamedi lilimshinda ulimini, akacheka mwenyewe kwa kulijaribu. Kisha akaacha kucheka, akasema, «Soma tena, polepole. Nataka kusikia kama hamruki.»